Karatasi za Magari na Mama wa Mandazi

Gari la kwanza nililolipenda lilikuwa na madoa ya mafuta. Nilikuwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa pale Kakamega mjini, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na kila asubuhi nilipitia sokoni kununua mandazi kwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara ya Mumias. Siku hizo mandazi yalifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana: magazeti, mitihani ya zamani, hata kurasa za madaftari ya watoto. Asubuhi hiyo yangu yalifungwa kwa karatasi nzito, laini, inayong'aa, ambayo mafuta yalishindwa kuipenya vizuri. Nilipomaliza kula nikaikunjua. Ndani yake palikuwa na nusu ya gari jekundu.

Nusu, kwa sababu ukurasa ulichanwa katikati. Niliona buti, taa za nyuma, mlango mmoja, na mkono wa mwanamke ulioshika kitasa cha mlango. Mwanamke mwenyewe hakuwepo. Nyuma ya gari kulikuwa na milima iliyofunikwa theluji, na mimi theluji nilikuwa naijua kwenye jiografia tu. Nilikaa darasani hadi saa sita nikiwaza uso wa yule mwanamke na pua ya lile gari. Kengele ya chakula ilipolia sikwenda kupanga foleni. Nilikimbia sokoni.

"Mama, ile karatasi ya leo asubuhi ulitoa wapi?"

Aliacha kugeuza mandazi akanitazama. "Ina nini? Imekuharibia sare?"

"Hapana. Nataka ile nusu ingine."

Alicheka mpaka meza yake ikatikisika. "Watu hukujanga hapa na njaa ya mandazi. Wewe umekuja na njaa ya karatasi!"

Lakini aliinama, akavuta kikapu kutoka chini ya meza na kuniachia nipekue. Humo nilikipata kijitabu chenyewe, cha kutangaza magari, kimebaki robo tatu, na mwanamke wangu alikuwemo: kofia ya manyoya, meno meupe, anacheka kana kwamba gari limemwambia jambo. Mama wa mandazi alinieleza kwamba mpwa wake alifagia ofisi ya wauza magari huko Kisumu, na kila vijitabu vilipopitwa na wakati aliruhusiwa kuvibeba. Tatizo ni kwamba yeye naye alihitaji karatasi za kufungia. Tukaelewana. Mimi ningemletea magazeti ya baba yaliyokwisha kusomwa, na yeye angeniwekea kando kila chenye magurudumu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kwa miaka iliyofuata, nikipita sokoni, alikuwa ananiita kwa mbali, "Mukhana! Gari yako imefika!" Mukhana ni binti kwa lugha yetu. Watu waligeuka kutafuta gari, nami nilipokea bahasha yangu ya karatasi na kuondoka nayo kifuani.

Sijui kama naweza kumweleza mtu wa leo raha iliyokuwa katika vijitabu vile. Kwanza harufu: ukifungua kurasa mbili zilizoshikana, zinaachana kwa mlio mdogo na wino unakupanda puani. Halafu ule ukurasa wa rangi, vipande vidogo vilivyopangwa kama kanga dukani, kila kimoja na jina lake. Hakuna aliyeandika buluu tu, ilikuwa buluu ya usiku, buluu ya barafu, buluu ya bandarini. Nilichopenda kuliko vyote ni mchoro wa gari lililopasuliwa ubavu, unaona injini, unaona ekseli, unaona mpaka springi zilizo ndani ya kiti. Nilijifunza Kiingereza kingi humo kuliko katika vitabu vya fasihi. Na familia zile! Baba, mama, watoto wawili na mbwa, wanakula mkate nyasini kando ya gari, na hakuna anayeangalia kama mvua inakuja. Kwetu mvua ilikuja kila alasiri, na magari niliyoyaona ni trekta za miwa zilizokuwa zikidondosha miwa barabarani.

Nyumbani nilivihifadhi chini ya godoro ili vinyooke. Siku moja mama yangu alipokuwa akitandua kitanda aliita dada zangu wote waje waone.

"Wenzake wanaficha barua za wavulana," alisema, "huyu wangu anaficha matairi."

Shuleni nako walicheka. Msichana na magari, waliuliza, wapi na wapi? Sikuwa hata na ndoto ya kumiliki gari. Nilipenda tu kujua kwamba mahali fulani watu walikaa chini, wakafikiria kwa makini mahali pa kuweka kikombe cha chai cha dereva.

Nilipokuwa kidato cha tatu, maonyesho ya kilimo yalifika Kakamega kwa kishindo. Wauza magari kutoka Nairobi walijenga hema jeupe, wakatandika zulia jekundu juu ya majani, na katikati wakaliweka pikapu jipya, la Kijapani, limepigwa nta mpaka ukaliona wingu juu ya boneti. Kando yake palikuwa na meza, na juu ya meza vijitabu vipya, havijawahi kugusana na mafuta. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kushika kijitabu cha gari ambacho hakikuokolewa kutoka kikapu cha mandazi.

Nilinyoosha mkono. Kijana mwenye tai akaweka kiganja chake juu ya rundo.

"Binti, hizi si za kuchezea. Ni za wateja."

"Mimi pia ni mteja," nilisema, kwa sauti iliyonitoka ndogo.

"Utanunua gari na sare ya shule?" Wenzake wawili wakacheka. "Nenda ukamlete baba yako."

Niliondoka masikio yakiniwaka. Nyuma ya mabanda, mahali pa wauza vyakula, mama wa mandazi alikuwa ameweka jiko lake. Nilijaribu kumpita, lakini yeye alikuwa na macho ya kuku mwenye vifaranga.

"Nani amekuliza wewe?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaepua karai, akafuta mikono, akavua aproni na kufunga upya kitambaa chake cha kichwa. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa soko, wauza ndizi, wauza dagaa wa omena, wauza kuku, na wengi wao walikuwa pale pale.

"Akina mama!" aliita kwa ile sauti yake. "Hebu twendeni tukaangalie gari!"

Waliinuka wote, wengine na beseni mkononi. Tuliingia hemani kama msafara wa harusi. Kijana wa tai alisimama.

"Mulembe, kijana wangu," mama wa mandazi alimsalimu kwa upole mkubwa. "Tumekuja kuona hii pikapu yenu." Na kabla hajajibiwa alifungua mlango, akakaa kwenye usukani na kuurekebisha mgongo wake kitini. Muuza omena alikaa upande wa pili. Wengine walizunguka nyuma, wakafungua mlango wa kupakilia mizigo, wakapigapiga bati kama wanaonunua sufuria.

"Hii hubebanga mikungu mingapi ya ndizi?" mmoja aliuliza.

"Mama, inabeba tani moja."

"Mimi nimekuuliza ndizi."

Kijana alikohoa. Alifungua kijitabu, akakifunga. Hapo ndipo nilipojisikia nikizungumza. Niliwaambia kwamba kuna aina mbili za pikapu hiyo, fupi na ndefu. Kwamba ile ndefu ina springi nzito zaidi nyuma, na ya dizeli ndiyo inayofaa kwa milima ya Khayega kwa sababu inavuta vizuri ikiwa imebeba. Nilisema yote hayo kwa Kiswahili, huku nikionyesha kwa kidole kila kitu kilipo. Nilikuwa nimeyasoma katika kijitabu cha mwaka uliotangulia, kilichotoka kwenye kikapu cha mandazi.

"Umejulia wapi haya?" kijana aliniuliza.

"Kwa mandazi," mama wa mandazi alijibu kutoka ndani ya gari, na akina mama wakaangua kicheko.

Mzee mmoja aliyevaa koti, mkubwa wao bila shaka, alikuwa amesogea akisikiliza. Hakumkemea kijana. Alichukua rundo zima mezani, akampa kila mama kijitabu kwa mikono miwili, kama mtu anayegawa sahani za chakula kwa wageni. Halafu akina mama wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakavipanga juu ya mikono yangu. Nilitoka katika hema lile nimebeba mpaka kidevuni. Uwanja mzima wa maonyesho ulikuwa wangu.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Lakini jioni moja wiki iliyofuata mama wa mandazi alikuja nyumbani, akanywa chai, akamwomba mama yangu ruhusa: kikundi kilitaka niende kuwasomea vile vijitabu.

"Tulienda pale kukutetea tu," aliniambia. "Lakini mimi tangu nikalie ile kiti, sijalala vizuri."

Kwa muda mrefu walikuwa wakiteswa na wenye malori. Mtu anaahidi kubeba ndizi alfajiri, anafika jioni, au hafiki, na mvua inanyeshea mali ya watu kando ya barabara. Sasa walitaka gari lao wenyewe; basi, Jumapili baada ya ibada, nilisimama katika ukumbi wa kanisa na vijitabu vyangu vyote, vipya na vyenye madoa, nikawasomea. Niliwatafsiria injini, breki, matumizi ya mafuta. Waliuliza maswali makali. Walibishana. Yule muuza omena alitaka kujua harufu ya samaki ingetokaje kwenye gari, nikampatia jibu: bati la nyuma linaoshwa kwa mpira wa maji. Jumapili baada ya Jumapili walirudi, na mimi niliyekuwa nikichekwa shuleni niliketishwa kiti cha mbele, kando ya mwenyekiti.

Pikapu jipya hawakuliweza kwa bei. Lakini miaka hiyo magari yaliyotumika yalikuwa yameanza kumiminika kutoka Japani, na nilipokuwa kidato cha nne walipata pikapu refu, la dizeli, huko Kisumu. Nilikwenda nao kulikagua nikiwa na kijitabu chake mkononi, na niliwaonyesha kioo kimoja kisichokuwa cha asili, wakapunguziwa bei. Mama wa mandazi alikwisha kujiandikisha chuo cha udereva. Mtihani wa kwanza alianguka, akarudi sokoni akikaanga kwa hasira. Wa pili akapita, na siku hiyo mandazi yalikuwa ya bure.

Vijitabu vyangu bado ninavyo, ndani ya sanduku la bati. Watoto wangu wanapotaka kuona gari wanaliona kwenye simu, wanalizungusha kwa kidole, wanaliacha. Mimi nikishikwa na hamu nafungua sanduku, na kabla sijaona picha yoyote nimesikia sauti ya akina mama wa ukumbini wakiuliza, "Soma tena hapo pa breki."

Siku ya kwanza ya kazi ya lile pikapu, mama wa mandazi alinilazimisha nikae mbele. Akina mama walipanda nyuma juu ya magunia matupu, tukaelekea Khayega kuchukua ndizi. Alishika usukani kwa nguvu kama anayekanda unga.

"Hii kitufe ni ya nini?"

"Ya kupasha kioo joto, ukungu uondoke."

"Na hii?"

"Hiyo ni taa, mama. Honi iko hapo katikati."

Wakati wa kurudi tulikuwa tumejaza ndizi mpaka juu, akina mama wameketi juu yake, na mvua ilikuwa imeshaifanya barabara kuwa sabuni. Kwenye mlima tulilikuta lori la mmoja wa wale waliokuwa wakiwatesa akina mama, limezama matopeni, mwenyewe amesimama kando na suruali imekunjwa magotini. Mama wa mandazi alipunguza gia kama alivyofundishwa. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, magurudumu yakateleza kidogo, yakashika, na tukapanda. Tulipolifikia lori alibonyeza honi, ndefu, kwa kiganja kizima, akampungia mkono yule bwana kwa heshima zote. Huko nyuma vigelegele vilipasuka. Nikashusha kioo changu, mvua ikanipiga usoni, nami nikapiga cha kwangu.