Mama na neno “calm”

Katika Kiingereza nilichofundishwa chuo kikuu, “calm” ni hali ya ziwa lisilo na mawimbi. Kwetu Litembo ni neno analotupiwa mtu anayeelekea kushinda ugomvi.

Mdogo wangu alikuja na panga kukata mibuni ya mama, apande parachichi. Mama akafoka.

“Mama, calm,” akasema mdogo wangu.

“Ongea Kimatengo, nikutukane vizuri!”

Mimi, msomi wa familia, nikamwomba mama atulie kidogo.

“Na wewe nyamaza! Nani kakuuliza?”

Kisha akaketi, mgongo kauegemeza kwenye shina la mbuni. “Haya, nimetulia. Kata.”

Mdogo wangu hakukata. Mpaka leo hawasalimiani, na mimi nikienda kwa mama napewa chai ya baridi.