Makopo ya Udongo Kibarazani kwa Mama

Sijawahi kumwamini mtu anayebeba udongo. Anayebeba mahindi anakwenda kula au kuuza, anayebeba kuni anakwenda kupika. Anayechota udongo wa nyumbani kwako akaufungia kwenye kopo, anakwenda kuufanyia nini? Sisi ni Walutheri, na mambo ya waganga hatuyasemi hadharani, lakini huku Magamba hakuna asiyejua kwamba udongo uliokanyaga ukifika mikononi mwa mtu mbaya, umekwisha.

Watu wa chuo walikuja kiangazi, mtaalamu wa miamba na udongo na wenzake wawili. Juu ya nyumba ya mama mteremko ulikuwa umefanya ufa mrefu, mguu unaingia. Mtaalamu aliahidi kumwambia kama nyumba itavumilia masika au ahame. Mama alikubali. Mimi nilikubali kwa mdomo tu.

Walichomeka ardhini vyuma vidogo vilivyounganishwa kwa waya, kuanzia kwenye migomba hadi ukingo wa msitu, kisha mmoja akapiga bamba la chuma kwa nyundo. Tuliambiwa tusitembee wala kutwanga. Mtaalamu alieleza kuwa mtikisiko hukimbia kwenye mwamba, lakini kwenye udongo uliolegea hujikokota.

"Na kwenye madini je?" nikamuuliza. "Unakimbia au unajikokota?"

Alicheka. Kicheko kile sikukipenda.

Baadaye walichimba pale juu, wakajaza udongo wetu mwekundu kwenye makopo mawili ya chuma. Garini walikuwa na mfuko wa udongo mwingine, mweusi, kutoka miteremko ya Meru. Mtaalamu alimwekea mama kidogo kiganjani.

"Sikia ulivyo mwepesi, mama. Hili ni jivu la volkano, limejaa matundu. Linanyonya maji mengi na bado ukiligusa unaliona kavu. Likitikiswa, linayaachia maji na kuteleza."

Milima yetu, alisema, haikutokana na volkano, ndiyo maana alitaka kulinganisha. Mama alimrudishia haraka na kujifuta mkono kwenye khanga.

Walipoingia ndani kula, waliniachia mfuko na makopo kibarazani niwalindie. Nililinda kwa namna yangu. Nilibandua utepe wa makopo, nikamwaga udongo wa mama kwenye migomba, nikajaza ule wa Meru, nikafunga vizuri kama walivyofunga wao. Wakitaka kuroga, wakaroge huko walikoutoa. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki mbili kabla ya masika mtaalamu alirudi. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye kigoda bila kugusa chai.

"Mtikisiko ulijikokota hapo juu, mpaka chini sana ardhini," alisema. "Pengine ni mfinyanzi tu, na utakaa. Pengine ni kifusi cha maporomoko ya zamani, na kitashuka. Udongo ndio ungetuambia. Sasa makopo yenu yametoa jivu la volkano, na huku hakuna volkano. Namshuku mwenzangu aliyeandika lebo."

"Usimshuku mtoto wa watu," mama alimkatiza. "Makopo alikuwa nayo mwanangu. Muulize yeye, hawezi kukudanganya."

Wote wawili wakanitazama. Nilisema yote, hata lile la kuroga, na nilivyokuwa nasema niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mtaalamu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipanda kuchukua udongo upya, akarudi akisema majibu hayatawahi mvua. Mpaka yatoke, mama asilale ndani ya nyumba ile.

Mama hakubishana. Siku tatu baadaye alifunga godoro, akashusha picha ya harusi ukutani, tayari kwenda kwa mdogo wake kule Mombo, kwenye joto ambalo amelisema vibaya maisha yake yote. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nyumba na kuku nitawaangalia mimi, nitakuja kila asubuhi. Alifunga mlango, akatikisa kitasa mara mbili kuhakikisha. Kisha akanipita pale nilipokuwa nimesimama nimenyoosha mkono, akaenda kumkabidhi jirani ufunguo.