Choo Kipya cha Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Mchinga, na jioni mwalimu wa madrasa, kwa zaidi ya miaka arobaini. Kanzu nyingi zilizovaliwa Idi kijijini zilipita mikononi mwake, na sare zangu zote za shule alizishona yeye. Mwaka juzi kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alikuwa amekaa barazani akitia uzi kwenye sindano, sindano ikaanguka, naye akaifuata chini. Hospitali walimrudishia maneno yake yote na nusu ya mwendo wake. Mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia tu.

Mimi nafundisha shule ya msingi Lindi mjini. Nilikuwa naenda kumwona kila mwisho wa wiki, na kila nikifika nilimkuta amepungua. Kola ya kanzu ilikuwa imeanza kumpwaya. Nikimuuliza anajibu alhamdulillahi, na mtu akishajibu hivyo huwezi kumchimba zaidi. Nikamfuata mama jikoni.

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuniangalia aliposema: "Anajinyima ili asiende chooni."

Akanieleza taratibu. Choo chetu kilikuwa uani, cha kuchuchumaa, na baba alikijenga mwenyewe nilipokuwa mdogo. Sasa akichuchumaa hawezi kuinuka. Mama lazima aingie naye, amshike makwapani, amsubiri, amwinue. Bafu lilikuwa palepale, jiwe bapa na ndoo, na huko nako ni mama. Mara moja walianguka wote wawili na hawakumwambia mtu. Tangu siku hiyo baba alianza kula kidogo, na maji hanywi mpaka alazimishwe.

Nililia kidogo mbele ya mama, kisha nikaamua. Likizo ya Juni ilikuwa karibu. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununulia bati la nyumba ninayojenga Lindi, bati lingesubiri.

Baba nilipomwambia kwamba nataka kumwekea choo cha kukaa na bomba la mvua, alikataa. Alisema vyoo vile ni vya watu wa maofisini. Alisema mtu hakai pale walipokaa wengine akatoka safi. Nikamwambia hakuna mwingine atakayekaa, kitakuwa chake. Akasema basi tukizungumze siku nyingine, na kwa baba siku nyingine haina tarehe.

Lakini nilikuwa nimeona jambo. Kwenye kiti cha barazani alikuwa anainuka mwenyewe kwa fimbo tu, bila mtu. Kitandani, ambako ni chini zaidi, alishindwa. Siku moja, nikidhani amelala, nikachukua futi yake ya kitambaa kwenye droo ya cherehani nikapiga goti kukipima kile kiti. Nikasikia fimbo nyuma yangu.

"Unapima nini?"

"Kiti, baba."

"Kiti hakiumwi," alisema. "Pima mtu."

Akakaa, akaweka mguu wake wa kushoto sawasawa sakafuni, akaniambia nianzie kisiginoni hadi nyuma ya goti. Nisiivute futi, wala nisiilegeze. Sikuwa nimemgusa baba mguu tangu nikiwa mtoto, na ulivyokuwa mwembamba nusura nipoteze hesabu. Nikasoma inchi kumi na saba na nusu. Akaniambia niongeze nusu kwa ajili ya kandambili, niandike kumi na nane, na kwamba dukani tutakwenda pamoja, maana nguo hainunuliwi bila mwenyewe kuijaribu.

Tulikwenda Lindi kwa gari la jirani. Tulimpitia fundi bomba, mtu mzima mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa vijiji vya Njinjo aliyehamia mjini kufuata kazi. Alimwamkia baba, akaomba aone anavyotembea, akamwangalia kama daktari, kisha tukaingia duka la vifaa vya ujenzi.

Kusema kweli mimi nilikuwa nimeshachagua. Mara mbili nilikuwa nimepita dukani pale kutazama. Nilikipenda choo kimoja ambacho mfuniko wake hushuka wenyewe polepole bila kelele, na bomba la mvua lenye kichwa cha mviringo kikubwa kama sinia. Nilijiona nikimwonyesha baba, naye akitabasamu.

Baba hakuangalia mfuniko. Vyoo vilikuwa vimepangwa ukutani, karibu na mlango, watu wanapita nje. Alikwenda kwenye cha kwanza, akageuka, akakaa, na kanzu yake na kofia yake, fimbo katikati ya magoti. Akainuka. Akaenda cha pili. Nilitamani kujificha nyuma ya makopo ya rangi. Alijaribu vyote vitano, na kila alipoinuka alitweta kidogo zaidi, lakini hakutaka nimshike. Kile changu chenye mfuniko wa polepole ndicho kilichomshinda kabisa. Muuza duka na fundi walimwinua.

"Vyote vimeshonwa kwa watu wafupi," baba alisema.

Fundi alichukua futi yake ya chuma akavipima. Hakuna kilichozidi inchi kumi na tano na nusu. Akamwambia baba achague kilicho kipana na kisichoyumba, urefu amwachie yeye, kwa kuwa choo hakiongezwi ila sakafu huongezwa: angekiweka juu ya tako la zege. Baba akachagua cha tatu, cheupe, cha kawaida, chenye kikalio kigumu.

Bomba langu la sinia nalo halikumchukua muda. Alisema lile litamwagia kichwani atake asitake, na Juni hii maji ya asubuhi ni baridi. Fundi akashusha bomba la mkono lenye mpira mrefu. Baba akalishika kwa mkono wa kulia, akalipeleka begani, akalipeleka mguuni. "Hili linanifuata mimi," alisema, na tukalichukua.

Muuza duka akaona tunaelekea kumaliza, akatuonyesha kibomba kidogo cha kutawazia, kile kinachoning'inizwa ukutani kando ya choo. Akatuonyesha kidude cha kubonyeza. Baba alikishika kwa muda mrefu. Akakibonyeza, akakiachia, akakibonyeza tena. Kisha akamwomba yule bwana amletee maji ya kunywa, na fundi, ambaye alikuwa mtu mwenye akili, akatoka nje akaangalie gari.

Baba akaniita karibu. "Mama," alisema, huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Tangu mkono huu wa kushoto ufe, kazi yake anaifanya mama yako. Na asipokuwepo naifanya kwa huu wa kulia. Na huu wa kulia ndio ninaolia chakula. Unanielewa?"

Nikasema ninamwelewa.

"Najua mgonjwa ana ruhusa. Watu wamekuja kuniuliza mimi, na mimi nimewaambia ana ruhusa. Lakini kila nikitia tonge mdomoni nakumbuka."

Kumbe hilo nalo lilikuwa likimnyima chakula. Mimi nilidhani ni hofu ya kuanguka tu. Nikasema tununue viwili, kimoja kikiharibika kiwepo kingine. Baba akacheka, akacheka mpaka akafuta jicho. Muuza duka alirudi na maji akatukuta tunacheka, na baba akayanywa yote.

Kazi ilianza Jumatatu. Baba na mama waliazimwa choo cha jirani, na fundi akabomoa sakafu ya zamani. Vigae nilivyotaka mimi vilikuwa vyeupe vinavyong'aa, lakini fundi alikuwa ameniwekea kimoja chini dukani, akakimwagia maji na kuniambia nikikanyage. Nusura nianguke. Tulichukua vya kijivu vyenye mikwaruzo, havina uzuri wowote, na sasa siwezi kuvichukia. Mlango aliugeuza ufunguke kwa nje. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba mtu akiangukia nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, hamtaweza kuingia. Sikupenda kulisikia hilo, ila nilimwacha aendelee.

Jumatano baba alikuja uani kuangalia. Bomba la kutolea maji lilikuwa limeshalazwa, na tako la zege lilikuwa limekauka. Baba akasimama mbele yake akaligeuzia mgongo, kama anayetaka kukaa, akatazama mbele. Alitazama kwa muda, juu ya ukuta, upande wa kaskazini.

"Fundi," alisema, "hapa ninaelekea kibla."

Fundi akaweka mwiko chini. Mimi nilipandwa na hasira. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na mbili, na zege haliombwi radhi. Nikamwambia baba kwamba ndani ya kuta na chini ya paa wako wanazuoni walioruhusu, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo.

"Ni kweli," alisema. "Ruhusa nimezitumia nyingi mwaka huu, mama. Hii niachie."

Fundi ndiye aliyesema. Alisema yeye ni Mkristo na jambo lile halikumjia, na akamwomba mzee amwonyeshe anakotaka uso wake uelekee. Baba akajibu kwamba kosa ni lake, maana mteja asiyesema anavyotaka hana haki ya kumlaumu fundi. Akanyoosha fimbo upande wa mashariki. Fundi akasimama pale baba aliposimama, akageuka mashariki, akaunyoosha mkono wake wa kulia. Ukagusa ukuta wa kusini, ukuta mzima wa tofali usio na dirisha. Akaniambia kwamba hata vyuma vya kushikia vitakaa vizuri zaidi hapo kuliko alivyopanga, kwa kuwa ule upande wa kwanza ulikuwa na dirisha. Jioni ile alilivunja tako. Ilitugharimu siku mbili, na nilimletea fundi chai mwenyewe siku zote mbili, kwa aibu ya hasira yangu.

Ikaisha wiki iliyofuata, Alhamisi. Tangi la maji likawekwa juu ya nguzo za tofali, choo kikasimama inchi kumi na nane kamili, na upande wa pili, chini ya bomba la mkono, pakajengwa kibaraza cha kukalia mtu akioga. Asubuhi ya Ijumaa baba akachukua msuli na sabuni yake, akaingia, akafunga mlango.

Mama na mimi tulikaa uani tukichagua mchele. Tulichagua mchele uliokuwa umeshachaguliwa. Tukasikia fimbo ikiegeshwa, kisha kimya kirefu, kisha maji ya tangi yakashuka. Mama akashusha pumzi. Baadaye likaanza bomba la kuogea, likaendelea, likaendelea. Katikati yake sauti ya baba ikauliza kitambaa cha kujisugulia kiko wapi. Mama alishainuka na hatua mbili ameshapiga. Akasimama.

"Kimetundikwa kwenye chuma," alisema kwa sauti, "upande wako wa kulia." Akarudi, akakaa.

Baba alitoka peke yake, maji yanamchuruzika, amejifunga msuli kombo. Alikaa kiti cha barazani akaomba chai na mihogo. Alipomaliza akaomba mihogo mingine. Mama aliingia jikoni na hakutoka haraka, na mimi sikumfuata.

Jumamosi walianza kuja majirani. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, mgonjwa wa magoti, aliomba kuketi tu na nguo zake aone. Aliketi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alisema atawapigia simu watoto wake Dar, na fundi wetu alipata kazi nyingine kabla hajakusanya vyombo vyake.

Jumapili asubuhi baba aliniambia nifunge mizigo. Nikamuuliza kama nimemuudhi.

"Hapana," alisema. "Watoto wa watu wanakusubiri shuleni. Mimi sihitaji mtu mlangoni."

Aliyasema bila kutabasamu, lakini nilimjua. Mama akanisindikiza hadi barabarani, amevaa baibui yake nzuri, na mkononi ana kifurushi nilichodhani ni changu. Nilipokipokea akakivuta. Akaniambia ni cha dada yake, yule wa Kilwa Kivinje, ambaye hajamwona tangu baba augue. Angepanda gari la mchana, alale kule siku mbili.

Nikamuuliza kama baba anajua.

"Yeye ndiye aliyeniambia niende," alisema mama, akaweka sawa baibui yake, akatazama barabara upande wa Lindi kuona kama gari lake linakuja.