Skrubu Moja Isiyokazwa

Mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, haujapata kuona fundi kama Gharib, na anayebisha amlete wake tumtazame. Redio iliyokufa, akiishika tu, hukohoa. Saa iliyosimama tangu harusi ya bibi yako, akiipuliza, huanza kwenda mbio kama inadaiwa. Lakini alikuwa na hila moja ambayo hakumwambia mtu: kila chombo alichokitengeneza, alikiachia skrubu moja bila kuikaza.

Usimwite mwizi. Tangu afariki mkewe, Mwanakhamis, nyumba ilikuwa kimya hata kijiko kikianguka alikishukuru. Skrubu ikilegea, mwenye redio hurudi. Akirudi hukaa, akikaa hunywa kahawa na kulalamika. Na malalamiko, ukiyakosa muda mrefu, ni matamu kuliko kashata.

Aliyelalamika vizuri kuliko wote ni Samuel, mpishi wa hoteli moja pale Mwembe Tayari. Alasiri moja alikuja bila redio.

"Hodi, Mzee Gharib!"

"Karibu, mpishi. Redio iko wapi? Umeikaanga?"

"Hotelini wametia runinga. Redio nimempa shemeji yangu kule Tudor, na yeye ana fundi wake."

Gharib alimimina kahawa, akakijaza kikombe mpaka ukingoni.

Samuel akatoa mrija wa shaba wenye tangi dogo juu yake: sigara ya mvuke, aliyoinunua ili aachane na ile ya moto. "Nimeibadilishia tangi. Jana ilichemka mfukoni, nikavua suruali mbele ya mama muosha vyombo."

"Akakusifu?"

"Alicheka mpaka akaangusha sufuria."

Gharib naye alicheka, kisha akalifungua tangi na kicheko kikakatika. Pini ya katikati ilikuwa imezama, iko sawasawa na ukingo wa chuma. Ndani ya mrija kama ule, kichwa cha betri hulalia tangi lenyewe. Pini isipochomoza, betri hugusa pini na ukingo kwa pamoja. Hapo ni shoti, na betri hupasuka.

Aliitoa pini fupi, akachonga nyingine ndefu kwa tupa, akaizungushia ringi ya plastiki isiguse ukingo. Ikachomoza vizuri. Ilibaki nati ya ndani tu, ile ya kuizuia isirudi chini.

Vidole vikasimama vyenyewe. Vilishazoea. Nati ikiachwa hivi, baada ya siku chache pini itaanza kuzama, na Samuel atarudi. Atalalamika. Atakunywa vikombe viwili.

Samuel alikuwa akipuliza kahawa yake, mdomo umechongoka kama wa mtoto. Gharib akautazama mdomo ule. Redio haiui mtu. Lakini kitu hiki huwekwa hapo.

Akaikaza nati mpaka koleo likalia. Akaibonya pini kwa dole gumba, haikutikisika. Akalaza kipande cha kioo juu yake. Kikakaa juu ya pini peke yake, ukingo haukuguswa.

"Ukibadilisha tangi tena, itazame pini kwanza. Isipochomoza, usilifunge."

"Na hili halitalegea?"

"Hata ukiwarithisha wajukuu."

"Ajabu! Redio yangu ilikuwa ikilegea kila mara."

"Redio yako ilizaliwa mgonjwa, usinisingizie."

Samuel akacheka, akaweka kikombe chini, akasimama. "Basi tumemalizana, mzee wangu."

Gharib alitaka kumwambia: njoo hata bila kazi, kahawa ipo. Mtu anayezifufua redio, maneno sita yakamshinda. "Wasalimie nyumbani," akasema.

Nyayo za Samuel zikapotea kichochoroni. Gharib akakiosha kikombe cha mgeni wake, akakifuta, akakirudisha palepale mezani. Kisha akaivuta redio ya Mwanaesha, jirani yake mwenye domo refu kuliko kichochoro. Akakaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ya nne akaigusa tu, akaiacha.