Bastola Moja kwa Kazi Zote

Juzi bomani Shinyanga, nikisubiri leseni ya baiskeli, nilimsikia mchuuzi wa ng'ombe akiomba kibali cha bastola. Mkewe alisimama kando yake.

"Ya kazi gani?" karani akauliza.

"Kazi zote, bwana. Nyoka, fisi, wezi."

"Nyoka wa mwisho ulimuua kwa silaha gani?"

Mchuuzi akakohoa. "Mama watoto alimponda kwa mchi."

"Na fisi?"

"Alimfukuza yeye, kwa kijinga cha moto."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi kibali tumwandikie mama!"

"Mimi sina haja nayo," mama akasema kwa upole. "Mpeni yeye. Nikienda kisimani huwa anaogopa kubaki peke yake."

Karani akaandika hivyo hivyo. Nadhani ndiyo sababu pekee ya kweli iliyopata kuandikwa kwenye fomu ile.