Josephat na Kadi ya Picha

Josephat wa Giheta hakuwahi kununua kitu bila kukigonga. Jembe aligonga, sufuria aligonga, hata papai aligonga na kutega sikio. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi na mkewe Kasilda wakiwa hawana hata kijiko, na kila kilichoingia nyumbani mwao tangu hapo alikichagua yeye, taratibu, huku wauzaji wakimnunia. Watu walimcheka. Lakini vitu vyake vilidumu.

Ambaye hakudumu ni binti yao, Upendo. Homa ilimchukua upesi mno, msichana mwenye afya yake, aliyekuwa akiunganisha video za harusi mjini Gitega pamoja na mwenzake Moses. Aliacha kompyuta aliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo, kwa vifaa vya mtumba, na kazi moja ambayo haijakwisha: filamu ya jubilei ya ndoa ya wazazi wake, ambayo alikuwa akiisimulia kwa sauti yake. Filamu hiyo ilikuwa nzito. Kila alipoifungua ilicheza kidogo, ikakwama, na mashine ikazimika. Upendo akawa ananung'unika, "Baba, hii mashine imepungukiwa kadi ya picha tu, ya kuisaidia kuchezesha video." Maneno hayo Josephat aliyashika kama watu wanavyoshika wosia.

Sasa kuganduka kulikuwa kunakaribia. Huku kwetu mtu akifa, msiba hukaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha ndugu na majirani hukusanyika kuuondoa. Hunywa, hula, huulizana kama marehemu anadai au anadaiwa, na baada ya hapo wafiwa wana ruhusa ya kucheka tena. Kasilda aliomba kitu kimoja kwa siku hiyo: amsikie mwanawe. Simu ya Upendo ilipotea katika zile hekaheka za hospitali, ya Kasilda ni ya vitufe, na sauti ya mtoto haikuwa imebaki popote ila kwenye ile filamu.

Moses alimweleza Josephat aina ya kadi ya kutafuta. Ndogo kabisa zitakwama vilevile. Kubwa zinakula umeme kuliko uwezo wa pawasaplai ya Upendo, kile kisanduku cha kuleta umeme ndani. Achukue ya kati, yenye memori ya giga sita, isiyohitaji waya wa ziada. "Lakini unisubiri, baba," alisema. "Nina harusi Ngozi. Nikirudi tutaenda pamoja."

Kusubiri, Josephat? Asubuhi iliyofuata alifunga kasha la kompyuta kwa kitenge, akaacha kioo chake cha kutazamia nyumbani kisije kikavunjika njiani, akashika gari la Muyinga. Alikuwa amesikia kwamba huko vifaa vinaingia kutoka Tanzania na bei inaongeleka.

Duka alilofikia lilikuwa la Saidi, kijana wa mjini, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Saidi alimpangia kadi tatu mezani. Josephat akaanza kazi yake: akazipima uzito kwa kiganja, akazungusha mapanga ya feni kwa kidole, akazigonga.

"Mzee, hii haigongwake," Saidi akasema, akijizuia kucheka. "Hii kadogo itakusumbua. Hii kubwa iko na nguvu, mais courant yako, umeme yako hii, haitaiweza. We chukua hii ya katikati."

Ni maneno yaleyale ya Moses. Josephat alijisikia fahari. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anamchagulia mwanawe kitu. Akaomba ijaribiwe. Saidi akafungua kasha, akachomeka, akatazama ndani, akatikisa kichwa.

"Disque yako imechoka, mzee. Kadi itakuwa inaingojea tu. Uniachie hii, mi nakupa mupya, unaongeza kidogo. Iko na kitu ya maana ndani?"

Josephat aliitazama diski aliyoonyeshwa, bati jeusi, limekwaruzwa, dogo kuliko kitabu cha sala. Jembe likiisha, unampelekea mhunzi kile kipande cha chuma, anakupunguzia bei ya jipya. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Na filamu? Filamu yeye aliiona kwenye kioo, na kioo kilikuwa salama nyumbani, kimefunikwa shuka.

"Hakuna kitu," akasema.

Saidi alimwamini. Kwa nini asimwamini?

Moses aliporudi, alikuta kila kitu kimeunganishwa. Akawasha. Mashine ikaamka haraka, picha safi, rangi zinang'aa, na Josephat akatabasamu. Moses akatafuta huku, akatafuta kule. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, diski ya zamani iko wapi?"

Walimpigia Saidi. Alikwisha kuifuta siku ileile, akaiuza kwa mteja wa kupita asiyemjua. Aliomba msamaha mara nyingi, mpaka Josephat akamwonea huruma.

Siku ya kuganduka, Kasilda alikaa benchi la mbele, mbele ya kile kioo, amevaa vizuri. Josephat hakuwa amemwambia. Alijaribu jana yake, akaishia kukipangusa kile kioo. Venansi, mdogo wa Josephat, aliyekuwa akiongoza shughuli, akauliza kama desturi ilivyo: nani ana deni la marehemu, aseme.

Josephat akasimama. "Ninalo mimi," akasema. "Sauti yake ilikuwa kwenye diski. Mimi nikaiacha Muyinga, nikachukua mpya. Imefutwa."

Kasilda alimgeukia mumewe.

"Huyo mtu," aliuliza, "alimsikiliza kabla ya kumfuta?"

"Hapana, mama Upendo. Hakumsikiliza."

Kasilda akaitikia kwa kichwa. Venansi alimfikia na bia ya ndizi, maana mama ndiye huanza kunywa, na asipoanza yeye msiba haujaondoka. Kasilda akausukuma mkono wake kwa upole.

"Nyinyi gandukeni," akasema. "Mimi bado."