Sanda Iliyopanda Ndege kwenda Songo Songo

Niliondoka Mafia kwa sababu mjomba wangu wa Songo Songo alikuwa amefariki. Mwangalizi wa kiwanja cha ndege cha Kilindoni ndiye aliyeipokea habari kwenye simu ya upepo asubuhi ile. "Aliyepiga ni mzee," aliniambia. "Anakohoa sana." Kwa mashua ningekuta kaburi. Nikanunua sanda, maana wakati ule duka la ushirika la Songo Songo lilikaa muda mrefu bila nguo, kisha nikaomba nafasi katika ndege ndogo inayopeleka vifaa kwenye kambi ya wachimba gesi kisiwani huko.

Angani, rubani alisema ni mwendo usiofika nusu saa. Mimi, msomi wa chuo kikuu ninayehutubia wanavijiji juu ya maendeleo, nilifumba macho na kukumbatia furushi la sanda kama mtoto mchanga. Nilipoyafumbua nilitafuta kivuli cha ndege yetu juu ya maji. Sikukiona.

Songo Songo, nje ya nyumba ya mjomba hapakuwa na mkeka hata mmoja. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani kakwambia mjomba wako anaumwa? Kaanguka jana tu."

Ndani mtu alikohoa. "Nani huyo?"

Niliingia. Mjomba alikuwa kitandani, macho yake yaleyale ya utani. Kabla sijalificha, furushi lilikuwa mikononi mwake.

"Heh! Msomi umekuja kunizika mzima?"

"Mjomba, utani mwingine umezidi. Ni wewe uliyepiga simu?"

"Simu iko kambini. Mimi hata mlangoni sijafika."

"Na ni mbovu tangu juzi," Bi Zuhura akasema. "Wanangoja kifaa chake. Si kimekuja na ndege yako?"

Mjomba aliikunjua sanda, akanipima nayo begani. "Mbona inakutosha wewe?" Akacheka peke yake.

Injini ikanguruma kiwanjani. Nikaishika sanda niondoke nayo. Mjomba akang'ang'ania upande wa pili.

"Iache. Ukipanda nayo hatutajua ni ya nani."

"Aende nayo!" Bi Zuhura alilia. "Hailali nyumbani kwangu!"

"Nyamaza, Zuhura. Huyu ana watoto wadogo."

Hakuwa anatania tena. Vidole vyangu viliachia kabla sijaamua.

Wakati wa kurudi, kwa mara ya kwanza maishani niliomba ndege ichelewe. Safari hiyo ilinifunza kwamba nusu saa inatosha kuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa, lakini haitoshi kutafuta maneno ya kueleza ulichokiacha ng'ambo.

Kilindoni, mwangalizi alinijia mbio na mkono wa pole.

"Mara hii umerudi? Mmeshazika?"

"Bado," nikasema.